Kufuata Jina la Steinweg: Kutoka Milima ya Harz Hadi Queens

Jumatatu: Hannover, Goslar, Wolfshagen

Mimi ni fundi piano, Dar es Salaam. Kazi hii ina wateja wa kuhesabu: makanisa, hoteli chache, shule za kimataifa, na wazee waliorithi piano wasijue waifanyeje. Kwenye kifuniko cha vibonye huwa pameandikwa jina la mtengenezaji kwa herufi za dhahabu, na yapo majina mawili ambayo kila mteja huniuliza habari zake: Steinway na Grotrian-Steinweg. Mwenye hili hudhani lile lingine ni la kuiga. Mpwa wangu, nesi huko Hannover, aliponialika nikamwambia nitakuja, lakini anipeleke Wolfshagen kwanza.

"Wolfshagen kuna nini, mjomba?"

"Kuna jina."

Alicheka, lakini leo alfajiri alishabadilishana zamu na mwenzake, na tukapanda treni ya Goslar.

Goslar ni mji uliolishwa na mlima mmoja. Mgodi wa Rammelsberg ulitoa fedha, shaba, risasi na zinki kwa zaidi ya miaka 1,000 hadi ulipofungwa mwaka 1988, na miaka minne baadaye UNESCO ikauweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watalii huenda kutazama mashimo. Mimi nilikuwa nawaza moto. Mawe ya madini hayayeyuki kwa maneno. Yanataka mkaa, na mkaa unataka misitu na watu wa kuishi humo wakiuchoma. Wolfshagen, kwa basi kutoka Goslar, ni kijiji cha watu wa aina hiyo. Hapo ndipo tarehe 15 Februari 1797 alipozaliwa Heinrich Engelhard Steinweg, mtoto wa mchoma mkaa.

Mtu wa Handeni au Kisarawe angelielewa tanuru lao bila mkalimani. Walisimamisha nguzo katikati, wakapanga magogo kuizunguka hadi yakawa kichuguu, wakafunika kwa majani na udongo, wakatia moto kupitia tundu la katikati. Halafu kazi yenyewe ikaanza, nayo ni kukesha. Hewa ikizidi, kuni zinakuwa majivu. Ikipungua, moto unakufa. Kwa hiyo mchoma mkaa alihamia msituni na familia yake, wakalala kwenye kibanda cha miti karibu na tanuru, wakitoboa na kuziba matundu usiku na mchana kwa siku nyingi. Ukoo wenyewe ulisimulia kwamba mwaka 1812, Heinrich akiwa na miaka 15, radi ilipiga kibanda msituni ikamuua baba yake na ndugu zake, akabaki yeye. Waliobeba jina walilisimulia hivyo New York, wakiwa tayari matajiri.

Kuhusu jina lenyewe, nilimweleza mpwa wangu kwenye basi. Wajerumani wengi walianza kushika majina ya ukoo katika Zama za Kati, miji ilipojaa na akina Heinrich na akina Hans wakawa wengi mno. Karani wa kodi alihitaji kujua Heinrich yupi. Mmoja akaitwa kwa kazi yake, Müller msaga nafaka au Schmidt mhunzi. Mwingine kwa alikotoka. Mwingine kwa sura au tabia. Mwingine kwa mahali anapokaa. Steinweg ni la kundi hilo la mwisho: yule anayekaa penye barabara ya mawe. Nyakati ambazo njia nyingi zilikuwa tope tupu, barabara iliyotandikwa mawe ilikuwa alama ya kutosha kumtambulisha mtu. Na kwa kuwa barabara za namna hiyo zilikuwa katika miji mingi, majina ya Steinweg yaliota sehemu nyingi bila watu hao kuwa na babu mmoja.

"Kwa hiyo si ukoo," akasema.

"Ni anwani."

Kwetu mtu huandika jina lake, la baba na la babu. Akizaa, la babu linadondoka na lake linapanda. La Mjerumani likishaandikwa na mchungaji kwenye kitabu cha kanisa, siku ya ubatizo, ndoa au mazishi, limeganda. Hivyo vitabu vya kanisa ndivyo chanzo cha kwanza cha anayetafuta ukoo nchi hii.

Kutoka dirishani milima ilikuwa kijivu. Tangu ukame wa mwaka 2018 wadudu wa magome wameimaliza misonobari ya Harz, na miteremko mizima imesimamisha mashina makavu. Mpwa wangu alipiga picha moja akasema hatairudia.

Jumanne: Kwa miguu hadi Seesen

Kuna njia ya miguu iliyopewa jina Steinway-Trail, inaunganisha Wolfshagen na Seesen, kilomita kama 15 za kupanda na kushuka. Waliotengeneza njia hii wametumia jina la Marekani, si lile alilokuwa nalo mtoto wa hapa. Nimelitazama bango kwa muda. Mpwa wangu alitangulia. Magoti yangu yalikuwa na maoni yake.

Kuhusu ujana wa Heinrich, hadithi ni nyingi kuliko karatasi. Alikwenda jeshini wakati wa vita vya Napoleon, akapiga tarumbeta, na huko ndiko wanakosema alijifunza kuchonga vinanda vidogo vya nyuzi. Baadaye alikaa Seesen akiwa fundi seremala, akamuoa Juliane Thiemer mwaka 1825, na mwezi Novemba mwaka huohuo akazaliwa mtoto wao wa kwanza, Theodor. Kuanzia hapo mambo yananyooka. Mwaka 1836 alitengeneza piano kubwa ya kulala jikoni kwake. Ndiyo, jikoni, na mpaka leo inaitwa piano ya jikoni. Imeishia Metropolitan Museum of Art, New York. Mwaka 1839 alipeleka piano zake kwenye maonyesho ya biashara mjini Braunschweig akarudi na medali ya dhahabu.

Nataka niseme kitu kama fundi. Piano kubwa ya kulala ya miaka ile haikuwa na chuma kingi kama za leo. Mbao zilibeba mkazo karibu wote wa nyuzi. Kiungo kimoja kikilegea kidogo, nyuzi zote zinashuka sauti pamoja. Mtu aliyeweza kuijenga jikoni na ikabaki imesimama karibu karne mbili alikuwa anajua mbao kwa vidole. Sishangai kwamba baba yake alikuwa mtu wa msituni.

Seesen ni mji mdogo wenye historia inayozidi ukubwa wake. Mwaka 1801 Israel Jacobson, Myahudi tajiri na mpenda mageuzi, alifungua shule hapa iliyopokea watoto wa Kiyahudi na wa Kikristo katika darasa moja. Mwaka 1810 alifungua hekalu kando ya shule, na ndani yake kukapigwa kinanda kikubwa, jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika sinagogi la Ujerumani. Wilhelm, mmoja wa watoto wa Steinweg, alisoma shule hiyo. Huyu ndiye baadaye atakayeitwa William na kuligeuza jina la baba yake kuwa mtaa. Hekalu lilichomwa na Wanazi mwezi Novemba 1938.

Mji unayo bustani iitwayo Steinway, na makumbusho ndani ya nyumba ya zamani ya uwindaji ya watawala wa Braunschweig. Tulifika tukiwa na matope mpaka magotini. Mama aliyekuwa mlangoni alitutazama viatu, akatuonyesha pa kuvifutia, kisha akataka kujua mtu wa Dar es Salaam anamtakia nini Steinweg. Nilipomwambia nakaza nyuzi za piano, akaanza kuongea taratibu na kwa muda mrefu, mpwa wangu akitafsiri huku akipiga miayo.

Kwa nini waliondoka? Si njaa peke yake, ingawa mavuno yalikuwa mabaya mwaka 1846. Ujerumani ilikuwa bado haijawa nchi moja. Seesen ilikuwa chini ya dola ndogo ya Braunschweig, na hatua chache kutoka hapo kulikuwa na ufalme wa Hannover na ushuru wake. Piano ni mzigo mkubwa wa bei kubwa. Ukilipishwa kila mpakani, mteja anakimbia. Halafu yakaja mapinduzi ya 1848, yakazimwa, na vijana wengi wakakata tamaa. Karl, mtoto wa pili wa kiume, alitangulia New York mwaka 1849 na kuandika nyumbani kwamba kazi ipo.

Jumatano: Braunschweig

Treni ya asubuhi. Mpwa wangu amerudi kazini, nimebaki peke yangu na ramani.

Kitu cha kwanza nilichokitafuta kilikuwa mtaa. Katikati ya Braunschweig, ukitoka upande wa kanisa kuu kuelekea jumba la michezo ya kuigiza, unapita barabara inayoitwa Steinweg. Haihusiani na piano wala na ukoo wa Wolfshagen. Ni Steinweg ya kawaida, kama zilivyo kwenye miji mingi ya Ujerumani. Nilipiga picha kibao, mzee mmoja na mbwa wake wakasimama kutazama ninachokiona, hawakukiona, wakaendelea.

Hapa ndipo hadithi ya jina inapogawanyika. Familia ilipoondoka mwaka 1850, Theodor alibaki, akaihamisha karakana kutoka Seesen kwenda Wolfenbüttel, na baadaye Braunschweig, akiwa na mshirika aitwaye Friedrich Grotrian. Ndugu zake Marekani walikuwa wanapanda. Kisha mwezi Machi 1865 ukaja msiba juu ya msiba: ndugu yake Henry mdogo alifariki New York, na kabla mwezi haujaisha Charles, yule Karl aliyetangulia, akafariki hapahapa Braunschweig kwa homa ya matumbo, akiwa amekuja kumtembelea kaka yake. Baba alikuwa mzee. Theodor akaitwa New York akaokoe kiwanda, na akaiuza karakana yake kwa Wilhelm Grotrian, mwana wa Friedrich, pamoja na mafundi wawili, Helfferich na Schulz. Wakaandika kwenye piano zao kwamba wao ni warithi wa Th. Steinweg. Kisheria walikuwa na haki. Walinunua karakana pamoja na sifa yake.

Mwaka 1919 familia ya Grotrian ilikwenda mbali zaidi: ilipata ruhusa ya kubadili jina lake la ukoo liwe Grotrian-Steinweg. Kwa hiyo Ujerumani ikabaki na watu wanaobeba jina la Steinweg kwenye hati zao bila tone la damu ya mchoma mkaa wa Wolfshagen, na Marekani wakawepo wajukuu wa damu wasiolibeba tena.

Kesi haikukosekana. Piano za Braunschweig zilipoanza kuuzwa kwa nguvu Marekani, pande mbili zilifika mahakamani New York, na mwaka 1975 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba jina Steinweg kwenye piano linamvuta mnunuzi kwa kumfanya adhani kuna uhusiano na Steinway, hata kama kabla ya kulipa ataujua ukweli. Tangu hapo Marekani wanauza kwa jina la Grotrian tu. Wanasheria bado wanaitaja hukumu hiyo, siku hizi hata kwenye mashauri ya intaneti. Mimi nadhani mahakama iliwapendelea wenye kelele. Jina Steinweg liliuzwa kihalali na mtoto mkubwa wa Steinweg mwenyewe. Lakini mimi ni fundi, si hakimu, na ninakiri masikio yangu huipenda sauti ya Grotrian.

Theodor alirudi kuzeekea Braunschweig, akafariki hapa mwaka 1889. Mkusanyiko wake wa vinanda vya kale aliuachia makumbusho ya mji.

Alhamisi: Hamburg

Treni imechelewa, nimefika saa sita mchana badala ya saa nne.

Wana bahati wanaotafuta mababu waliopitia bandari hii: orodha za abiria za Hamburg zinaanzia mwaka 1850 na zimehifadhiwa kwenye nyaraka za jimbo hadi mwaka 1934. Bremen walizitupa zao nyingi kwa kukosa pa kuziweka, na zilizobaki zikapotea vitani. Akina Steinweg waliondoka mwaka huohuo wa 1850 kwa Helene Sloman, meli ya mvuke ya kwanza ya Kijerumani kwenye njia ya New York, mali ya Robert Miles Sloman. Waling'oa nanga mwishoni mwa Mei, wakafika tarehe 29 Juni. Novemba mwaka huohuo, katika safari yake ya tatu, meli hiyo ilizama baharini.

Wageni wengi huenda Veddel kuona BallinStadt, mabweni ya wahamiaji yaliyojengwa mwaka 1901 na sasa ni makumbusho. Pazuri, lakini si pao. Yalikuja nusu karne baada yao. Nilipita haraka. Katika muongo wa 1850 peke yake karibu Wajerumani milioni 1 walihamia Marekani, na wengi wao walilala kwenye nyumba za wageni za bandarini walikokamuliwa senti ya mwisho.

Nilichokaa nacho kwa muda ni kitu kingine. Kwenye mtaa wa Große Reichenstraße kuna Afrikahaus, jengo la mwaka 1899 la kampuni ya meli ya Woermann, na ukiingia uani unakutana na tembo wawili wa chuma wanaolinda mlango. Hamburg na Unguja zilijuana vizuri. Nyumba za biashara za O'Swald na Hansing zilikuwa Unguja tangu katikati ya karne ya 19, na miongoni mwa walivyovitaka ni pembe za ndovu. Wapagazi wa Kinyamwezi walizibeba kutoka Tabora na Ujiji hadi Bagamoyo, zikavuka kwenda Unguja, na kutoka hapo nyingine zikaja huku na nyingine, nyingi sana, zikaenda Marekani, hasa Connecticut. Huko vijiji vya Deep River na Ivoryton viliishi kwa kukata pembe ziwe vibonye vya piano na kuzianika kwenye nyumba za vioo mpaka ziwe nyeupe.

Mtu akiniletea piano ya zamani, hutazama vibonye kabla sijagusa nyuzi. Kibonye cha pembe kina vipande viwili juu yake, kichwa kipana na mkia mwembamba, na kati yake mstari mwembamba kama unywele. Ukikiinamisha kwenye mwanga unaona mishipa. Plastiki haina mishipa. Kikifungiwa gizani kinageuka manjano, kikiachwa kwenye mwanga kinarudi cheupe. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa na wakataji kwa sababu ni laini, haipasuki kirahisi. Kwa hiyo jina la mchoma mkaa wa Harz lilipata umaarufu wake katika biashara iliyokanyagwa na miguu ya watu wetu, na majina ya wapagazi hao hayako kwenye orodha ya bandari yoyote.

Jioni nimekwenda Rondenbarg, upande wa Bahrenfeld, kukitazama kiwanda cha Steinway kwa nje. Mwaka 1880 jina lilirudi Ujerumani kibiashara: New York ilifungua kiwanda Hamburg ili kuuza Ulaya bila kuvusha kila piano baharini. Likarudi likiwa na mkia wa Kiingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Hitler ilikihesabu kiwanda hiki kuwa mali ya adui, wakati huohuo ndugu yake, kiwanda cha Queens, New York, akitengeneza sehemu za ndege za mbao zisizo na injini kwa jeshi la Marekani. Jina moja, vita moja, pande mbili.

Ijumaa

Ndege. Nimelala.

Jumamosi: Manhattan na Brooklyn

Watu hupenda kusimulia kwamba maofisa wa Ellis Island walikuwa wanawakata wahamiaji majina. Ellis Island ilifunguliwa mwaka 1892, miaka 42 baada ya Helene Sloman, na hata humo makarani walisoma majina kutoka orodha iliyokuja na meli. Majina mengi yalibadilika baadaye, polepole, kwa mkono wa mwalimu, mchungaji, jirani au mwenye jina mwenyewe. Eisenhauer wa Karlsbrunn, Saarland, aliyefika Pennsylvania mwaka 1741, wajukuu wake waliishia kuwa Eisenhower. Rockenfeller wa karibu na Neuwied akawa Rockefeller. Hayo yaliteleza kwa ulimi.

La Steinweg halikuteleza. Lilikatwa kwa makusudi. Baba na wanawe walifanya kazi kwanza kwenye viwanda vya watu wengine kwa miaka karibu mitatu, wajifunze soko na lugha, kisha tarehe 5 Machi 1853 wakafungua kampuni yao mtaa wa Varick na kuiita Steinway & Sons. Piano ya kwanza ya kampuni ilipewa namba 483, kwa sababu 482 zilihesabiwa kuwa zimetengenezwa Ujerumani; iliuzwa kwa dola 500. Ona walivyofanya: jina lilianza upya, namba hazikuanza upya. Piano zenye sifa wakati huo zilikuwa na majina ya Kiingereza, Broadwood wa London na Chickering wa Boston, na mnunuzi wa New York alitaka kutamka alichonunua. Kisheria familia ilibaki Steinweg hadi mwaka 1864. Kwa hiyo piano zilikuwa Steinway miaka 11 kabla ya wenyewe kuwa.

Nyumbani baba hakujisumbua kujifunza Kiingereza kingi, na mtaa haukumlazimisha. Eneo la kusini mashariki ya Manhattan liliitwa Kleindeutschland, lenye makanisa, magazeti, baa na vyama vya kwaya vya Kijerumani. Leo unapita bustani ya Tompkins Square husikii neno la Kijerumani. Tarehe 15 Juni 1904 meli ya General Slocum, iliyobeba wanawake na watoto wa usharika wa Kilutheri wa hapa kwenye matembezi, iliwaka moto mtoni. Zaidi ya watu 1,000 walikufa, na familia nyingi zilizobaki zikahama mtaa. Kuna chemchemi ndogo ya ukumbusho bustanini. Watoto walikuwa wanacheza karibu yake.

Mchana nimevuka kwenda makaburi ya Green-Wood, Brooklyn. Kaburi la ukoo ni nyumba ya mawe ya granite, kubwa, yenye jina STEINWAY juu ya mlango. Heinrich, aliyefariki mwaka 1871, yumo, chini ya jina ambalo hakulisikia hadi alipokuwa na zaidi ya miaka 50.

Jumapili: Queens

Nimepanda treni namba 7 chini ya mto kwa makusudi. Handaki hili linaitwa Steinway Tunnel. William alilipigania, uchimbaji ukaanza mwaka 1892, mlipuko na matatizo ya fedha yakausimamisha, naye akafariki mwaka 1896. Lilikamilika mwaka 1907, na treni za abiria zikaanza kulipita mwaka 1915.

Huyu William ndiye aliyelifanya jina liwe ardhi. Miaka ya 1870 alinunua ekari 400 upande wa kaskazini wa Astoria, mbali na migomo ya Manhattan, akajenga kiwanda, kiwanda cha kusubu chuma, nyumba za wafanyakazi, posta, maktaba na shule ya chekechea. Ukarimu, ndiyo, lakini mfanyakazi anayekaa nyumba ya bosi na kusali kanisa lililosaidiwa na bosi hufikiri mara mbili kabla ya kugoma. Ufukweni alifungua bustani ya burudani kwa kushirikiana na George Ehret, tajiri wa bia. Pale leo ni uwanja wa ndege wa LaGuardia. Mitaa ya kijiji iliitwa kwa majina ya wanawe Heinrich, kama Theodore na Albert, mpaka Queens ilipoamua kuita mitaa yake kwa namba. Ya watoto ikafutika. Steinway Street ikabaki.

Kiwanda bado kipo nambari 1 Steinway Place, na Jumapili kimefungwa. Nyumba za matofali za wafanyakazi zipo pia, zimepakana mabega, nyingine zimewekewa milango mipya ya aluminiamu. Ndani ya kampuni hakuna tena Steinway kwenye usukani: familia iliuza kwa kampuni ya utangazaji ya CBS mwaka 1972, Henry Z. Steinway, rais wa mwisho wa ukoo, alikoma urais mwaka 1977, na mwaka 2013 kampuni ya uwekezaji ya Paulson ilinunua yote kwa dola milioni 512.

Nimeshuka Steinway Street kwa miguu. Ukikaribia Astoria Boulevard vibao vinabadilika kuwa Kiarabu. Wanapaita hapa Misri Ndogo: vinyozi, maduka ya kanzu, msikiti wa Al-Iman, na shisha kila baada ya mlango mmoja. Nimeingia mgahawa mmoja, nikatoa salamu, nikaagiza koshari na chai ya mnanaa. Aliyenihudumia ni mtu wa makamo kutoka Tanta, Misri. Alipojua natoka Tanzania alikataa kunitoza chai.

Nikamuuliza kama anajua Steinway ni nani.

"Si kituo cha treni?"

Nikamweleza: mchoma mkaa, jikoni, meli, jina kukatwa. Alisikiliza huku anapanga makaa ya shisha kwa koleo. Kisha akavuta kiti.

"Sisi hatukuwa na jina la ukoo," akasema. "Nina jina langu, la baba, la babu, basi."

"Hata sisi."

"Basi unajua. Kwenye fomu wakataka la mwisho. Nikaandika la babu. Sasa mke wangu ana la babu yake, mimi la babu yangu, watoto wote la babu yangu. Kila wiki shule inapiga simu nyumbani wanataka kuongea na Bwana Fulani." Akalitaja. "Nawaambia huyo amezikwa Tanta tangu zamani za Sadat, ongeeni na mimi. Wanasema hawawezi, mimi simo kwenye orodha."